Asidi Kwanza au Maji Kwanza?

Jumatatu, 7 Oktoba

Irankunda ametoroka! Mwalimu wetu wa kemia. Amepata kazi Bujumbura na amevuka mpaka bila kuaga mtu. Leo asubuhi Prefe Nzeyimana, mkuu wetu wa shule, alitukusanya walimu wote. Akauliza nani anaweza kubeba saa za kemia za darasa la Première hadi apatikane mwingine. Nikamtazama Madamu Geneviève, mwalimu wa biolojia. Naye alikuwa ananitazama. Kwa nini ananitazama? Nikainua mkono kabla hajainua wake.

Mimi ni mwalimu wa dini na jiografia. Miaka tisa sasa, hapa Songo, mjini Uvira. Kemia niliiona mara ya mwisho nikiwa mwanafunzi, na siku ya mtihani malaria ilinikamata. Lakini nina sababu zangu mbili. Ya kwanza: kiti cha mkurugenzi wa masomo kiko wazi tangu Juni, na kila mtu anajua kitapewa mtu wa sayansi. Kiti kile kina ofisi. Ofisi ina dirisha. Dirisha linatazama ziwa. Ya pili: kabati la Irankunda. Miaka minne alilifunga kwa kufuli mbili. Mbili! Mtu asiye na siri hutosheka na kufuli moja.

Prefe akanishukuru. Kisha akaongeza kwamba inspekta wa sayansi atapita tarehe kumi na saba kutazama somo la kemia, tena analotaka kuona ni jaribio, si maneno. Alisema hayo baada ya mimi kuinua mkono. Baada!

Madamu Geneviève alikuja kunipongeza. Alisema nikikwama popote nimwulize tu, haina shida. Akatabasamu. Nimeandika saa: nne na dakika kumi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimefungua kabati. Vilivyomo: gilasi sita za maabara, moja ina ufa. Chati ya elementi. Mjusi aliyekauka. Chupa nene yenye kizibo cha kioo, imeandikwa H₂SO₄, na ndani kuna kitu kizito kama mafuta. Vitabu viwili. Basi. Siri hakuna. Maana yake siri ilitolewa kabla sijafika. Niliuliza nani alikaa na funguo Jumamosi na Jumapili. Prefe akajibu bila kuinua kichwa: Madamu Geneviève, alikuja kuchukua darubini.

Aha.

Somo la kwanza: atomu. Nilisoma kurasa nne wakati wa mapumziko na nikaingia darasani kifua mbele. Katikati ya atomu kuna kiini. Ndani ya kiini kuna protoni, zenye chaji chanya, na neutroni, zisizo na chaji. Nje zinazunguka elektroni, zenye chaji hasi. Protoni na elektroni zinavutana, neutroni haichukui upande wowote. Ninamjua mtu wa namna hiyo. Anaitwa Prefe Nzeyimana.

Halafu kitabu kinasema sehemu kubwa kabisa ya atomu ni tupu. Nilisoma mara mbili. Tupu! Meza hii ninayoandikia, tupu. Ukuta, tupu. Wametuficha jambo hili muda wote huo.

Fanny aliinua mkono. Huyu ni msichana wa benchi la mbele, mama yake anapika sabuni nyuma ya kanisa, naye anaandika hadi kikohozi changu. Akauliza: kama atomu haionekani kwa macho, tunajuaje ipo? Nikamjibu kwamba mambo mengi hayaonekani, tunayajua kwa alama yanazoacha yakishapita. Darasa likaitikia kwa vichwa. Nilifurahi sana na jibu lile, mpaka nilipofika nyumbani nikajiuliza: nani alimtuma aulize?

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo alama za elementi. Oxygène, O. Hydrogène, H. Fer, Fe. Watu waaminifu, wanajiita kwa majina yao. Kisha nikafika kwenye azote. Imeandikwa N! Sodium imeandikwa Na. Potassium imeandikwa K. K! Hakuna K hata moja ndani ya jina lile. Nikaelewa mara moja kwamba kuna mtu ameichezea chati.

Nikachukua kalamu nyekundu. Azote: Az. Sodium: So. Potassium: Po. Darasa likanakili. Fanny akasema kitabu alichoazima kwa dada yake kina Na kama chati ya zamani. Nikamwambia na chenyewe kimechezewa. Mambo haya yanafika mbali.

Saa ya mapumziko Madamu Geneviève aliiona chati. Kisha, kwa sauti ya chini ili walimu wengine wasisikie, akaeleza kwamba Na inatoka kwenye natrium na K inatoka kwenye kalium, majina ya Kilatini, na N ni ya nitrogène, jina jingine la azote. Tena Po ina mwenyewe, elementi inayoitwa polonium. Nikamwambia nilijua yote hayo. Nilikuwa nawapima wanafunzi kama wako macho.

Akasema sawa. Hakucheka. Kama angecheka ningeelewa. Lakini mtu anayejua polonium bila kufungua kitabu, amejiandaa kwa ajili ya nini?

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku mbaya. Kuna wizi.

Tumeanza milinganyo ya kikemia. Kitabu kinaahidi wazi: katika badiliko la kikemia hakuna atomu inayopotea na hakuna inayoongezeka, zinapangwa upya tu. Nikaandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri:

H₂ + O₂ → H₂O

Fanny akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, minye naona oksijeni iko mbili huku, na kule iko moja. Ingine imeenda wapi?"

Nikageuka. Kweli. Kushoto mbili, kulia moja. Darasa zima, vichwa arobaini na tatu, vikanitazama mimi.

Sasa, mimi nimekaa shuleni hapa miaka tisa. Mpira ulipotea. Kengele ilipotea, ikaja kusikika inalia kanisani kwa watu wengine. Milango miwili ya choo ilipotea siku moja, mchana. Najua vitu vinavyopotea na najua namna ya kuvitafuta. Nikauliza nani alikuwa wa mwisho kugusa ubao. Nikauliza nani ametoka nje tangu saa mbili. Nikasema oksijeni ile irudi kabla ya kengele, la sivyo hakuna anayekwenda nyumbani. Mmoja wa benchi la nyuma akasema labda imetoka dirishani, kwa sababu ni hewa. Nikaandika jina lake.

Halafu nikaona njia mwenyewe! Upande wa kulia nikaongeza mbili ndogo chini ya oksijeni. H₂O₂. Mbili kushoto, mbili kulia. Nikafuta mikono. Fanny akainua mkono tena.

"Mwalimu, ile si maji. Ile ni eau oxygénée, infirmière anaweka ku kidonda. Mutu hakunywake ile."

Nikasema ndiyo, hilo ndilo nililokuwa naelekea kusema. Saa hiyohiyo Madamu Geneviève alikuwa anapita dirishani. Yeye anapita siku zote! Akaomba ruhusa ya kuingia. Sikuwa na namna ya kukataa mbele ya watoto. Akafuta mbili yangu ndogo, akaweka mbili kubwa mbele ya maji na mbili kubwa mbele ya hidrojeni:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Akawaambia huna ruhusa ya kubadilisha kitu chenyewe. Unabadilisha tu idadi yake. Hidrojeni nne huku, nne kule. Oksijeni mbili huku, mbili kule.

Darasa likasema, "Aaah!"

Sikuipenda ile aaah. Mimi hawajawahi kunipa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimepata mpango! Inspekta anataka jaribio. Nitampa jaribio lenye mlio. Ukurasa wa hamsini na mbili: kipande cha zinki kinatiwa ndani ya asidi iliyopunguzwa nguvu kwa maji. Mapovu yanapanda. Mapovu yale ni hidrojeni. Unayakusanya ndani ya bomba, unasogeza kiberiti, inalia "pap!" Inspekta anashtuka, anapiga makofi, anaandika ripoti. Nakiona kile kiti. Naliona lile dirisha.

Asidi ninayo, ile ya chupa nene. Nilikuwa naipangusa vumbi asubuhi, Madamu Geneviève akaingia kurudisha darubini. Akaiona mkononi mwangu, na uso wake ukabadilika. Akasema, "Michée, weye chunga sana. Ile ni kali. Kama unaipunguza, unatia asidi ndani ya maji, polepole. Hapana maji ndani ya asidi. Hata siku moja." Akanifanya nirudie kama mtoto wa darasa la kwanza. Akataka tufanye pamoja Jumatatu kama mazoezi. Nikakataa kwa heshima.

Sasa fikiri. Maji ni maji. Asidi ni asidi. Ukitia hii ndani ya hii au hii ndani ya hii, mwisho unapata mchanganyiko uleule. Hata chai na maziwa viko hivyo. Basi kwa nini anashikilia hivyo? Mtu anashikilia namna ile pale ambapo kuna faida yake. Anataka nifanye kinyume, jaribio life mbele ya inspekta, na kiti kimwangukie yeye.

Nikaamua kutafuta shahidi asiye na upande. Mzee Jean-Marie alitunza maabara yetu kabla ya Irankunda, sasa amestaafu na analima mihogo Makobola. Nikachukua moto, pikipiki ya abiria. Barabara ya Fizi ilikuwa matope matupu, ziwa upande mmoja, mlima upande mwingine, na dereva anaimba. Nilimkuta mzee shambani. Alifurahi kuniona, akaniletea kiti na muhogo wa kuchemsha. Nikamwuliza kwa ujanja, bila kutaja jina la mtu, kuhusu asidi na maji.

Akaacha kutafuna. Akasema, "Asidi ndani ya maji, mwanangu. Polepole. Hapana kinyume, hata siku moja."

Maneno yaleyale! Hadi "hata siku moja"! Watu wawili, mmoja Songo, mwingine Makobola, wanatamka sentensi moja. Nikamwuliza kama anamfahamu Madamu Geneviève. Akacheka, akasema yeye ndiye aliyemfundisha kuwasha taa ya maabara alipokuwa msichana.

Nimerudi na matope hadi magotini. Lakini nimerudi na ushahidi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimesoma ukurasa wa hamsini na mbili hadi chini kabisa, kwenye maandishi madogo. Na kitabu nacho kinasema asidi ndani ya maji! Kinaeleza kwamba asidi ile ikikutana na maji hutoa joto kali. Maji yakiwa mengi yanalibeba joto lile. Yakiwa machache juu ya asidi, yanachemka papo hapo na kuruka. Maelezo mazuri. Mazuri mno. Nikafungua jalada la nyuma, kwenye orodha ya walioazima. Jina la mwisho: Geneviève Mutoni.

Mashahidi watatu, jibu moja. Mimi nimesahihisha mitihani miaka tisa. Wanafunzi watatu wakiandika jibu moja neno kwa neno, hatusemi wote wanajua. Tunasema wamenakili.

Uamuzi: maji ndani ya asidi.

Mlinganyo wenyewe nao una mambo:

Zn + H₂SO₄ → ZnSO₄ + H₂

Nimehesabu. Zinki moja, moja. Salfa moja, moja. Oksijeni nne, nne. Hidrojeni mbili, mbili. Umekubali bila kuongezewa namba hata moja! Hakuna kitu Uvira kinachokubali mara ya kwanza. Hata muhuri wa ofisi unarudi mara tatu. Inspekta akiuona hivi atadhani sikufanya kazi. Nimeweka 2 mbele ya kila kitu. Sasa unaonekana umetolewa jasho.

Jumatano, 16 Oktoba

Kutafuta zinki. Kitabu kinasema gamba la mawe ya toshi, yaani betri, ya zamani ni zinki. Nyumbani hatuna toshi yenye mawe. Tuna redio ya mama Irakoze, yaani Noella, mke wangu. Nikatoa mawe yake mawili, nikayapasua kwa nyundo uani. Ndani kuna unga mweusi. Ukaingia kila mahali: shati, ndevu, na hata kuku mmoja.

Noella alirudi sokoni Mulongwe na beseni lake la ndagala, dagaa wa ziwani, akataka kusikiliza kipindi cha kwaya. Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya sayansi. Akaniangalia mimi, akamwangalia kuku. Akauliza kwa nini sikumwomba Madamu Geneviève, kwa kuwa shuleni lazima zinki iko.

"Baba Irakoze, weye unaogopa nini kwa yule mama?"

Nikamjibu siogopi. Ninachunguza.

Akasema basi nichunguze na hili: Madamu Geneviève alipita kwenye beseni lake leo, wakasalimiana, akaacha ujumbe. Nivae miwani ya kukinga macho kesho, iko kwenye droo ya chini ya kabati. Na nisisahau: asidi ndani ya maji.

Sasa wamefika hadi kwa mke wangu!

Sikulala mchana. Nimepiga pasi suruali ya kijivu, ile ya harusi ya shemeji. Kesho.

Alhamisi, 17 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nisihukumiwe kwa mwandiko huu.

Inspekta alifika saa tatu. Mtu mfupi, mpole, mwenye mkoba mkubwa. Akakaa nyuma na Prefe. Madamu Geneviève alisimama mlangoni na ndoo ya maji. Ndoo! Nikajisemea: ameleta ndoo ili watu wafikiri nitachoma shule. Miwani sikuivaa. Ilikuwa wazo lake.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Nikaeleza atomu. Nikaeleza protoni na elektroni. Nikaandika mlinganyo wangu na mbili zake zote. Inspekta akainamisha kichwa upande, akaandika kitu. Nikamimina asidi ndani ya gilasi, hadi nusu. Ilishuka taratibu, nzito. Nikachukua jagi la maji.

Madamu Geneviève akasema kutoka mlangoni, "Michée. Hapana."

Nikamtazama. Alikuwa amekuwa mweupe midomo. Nikawaza: tazama anavyoogopa nisifaulu.

Hapo Fanny akasimama bila ruhusa. Akaligeukia benchi lake, akasema kwa haraka, "Murudi nyuma! Murudi nyuma wote!" Nao wakarudi, wakigongana, benchi la kwanza likalisukuma la pili, viti vikaanguka. Utovu wa nidhamu namna ile mbele ya inspekta! Nilikasirika. Nikamimina.

Sauti ilikuwa kama samaki mbichi anapotupwa kwenye mafuta ya moto. Gilasi ilichemka yote kwa mara moja, ikatema. Nikahisi mgongo wa mkono wangu wa kulia umeshikwa na nyuki kumi. Gilasi ikapasuka. Daftari la mahudhurio likawa jeusi mbele ya macho yangu, likajikunja kama jani. Nilikuwa sijamaliza kupiga kelele, Madamu Geneviève alikuwa ameshanifikia. Akanishika mkono, akaumwagia maji. Akaendelea kumwaga. Ndoo ikaisha, Fanny akawa tayari amerudi na ya pili kutoka bombani, na ya tatu. Nilitaka kuutoa mkono, akasema bado. Nikasema inatosha, akasema bado. Muda wote ule alikuwa ananiongelesha taratibu, ananiuliza watoto wangu wako darasa la ngapi, na mimi namjibu.

Hakuna mwanafunzi aliyeguswa. Hata mmoja.

Walipotolewa nje nikaona benchi la mbele. Mahali anapokaa Fanny, pale anapoweka mikono yake anapoandika, kulikuwa na alama tatu nyeusi, zimeingia ndani ya mbao. Zilikuwa bado zinatoa moshi kidogo. Nikasimama pale. Nikakaa chini sakafuni kwenye maji, na suruali ya harusi, ambayo hata hivyo ilikuwa imeshatoboka mahali saba. Nilikuwa naona tu mikono ya yule mtoto.

Prefe alinipeleka kwa infirmière, muuguzi wetu, kwa moto. Njiani upepo wa ziwa ulinipiga usoni nikapata akili kidogo. Nikaanza kujiuliza: Fanny alijuaje mapema hivyo?

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimeitwa kwa Prefe. Nilikwenda nikiwa na hotuba tayari, ya kurasa mbili, yenye majina.

Sikuitoa. Prefe alinisomea ripoti. Inspekta alitaka nisimamishwe kazi hadi Pasaka. Lakini Madamu Geneviève alikaa naye saa nzima jana. Alimwambia yeye ndiye mwenye ufunguo wa pili wa kabati, aliiona chupa mkononi mwangu Jumamosi, na angepaswa kuichukua. Kwa hiyo kama kuna kosa, ni lake pia. Akaomba nibaki. Inspekta akakubali kwa sharti moja: narudi kwenye dini na jiografia, na kemia anaibeba yeye juu ya saa zake za biolojia.

Nikamwambia Prefe kwamba yote ni wazi sasa, kiti amekipata. Prefe akavua miwani. Akasema alimpa Madamu Geneviève kiti kile mwezi wa Juni. Alikikataa. Akampa tena Agosti. Akakikataa tena, kwa barua, kwa sababu hataki kuacha kufundisha. Barua akanionyesha. Kwa hiyo kilikuwa kinangoja mtu mwingine, na Prefe alikuwa ananifikiria mimi, kwa sababu ya miaka yangu tisa. Alikuwa, akasema. Kabla ya jana.

Nje walikuwa wanacheza mpira. Niliona aibu, naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nikaomba ruhusa ya kwenda Première kumwomba Fanny msamaha mbele ya wenzake. Nilifanya hivyo. Ilikuwa vigumu kuliko kumimina. Akasimama, akasema, "Si kitu, Mwalimu. Minye nilisoma tu ukurasa ule." Kisha akauliza kama mkono unauma. Nikasema hapana. Ulikuwa unauma sana.

Lakini nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nikaanza kufikiri kuhusu kile kiti. Mtu mwenye akili kama Geneviève Mutoni amekikataa mara mbili. Mara mbili! Kiti kizuri, ofisi, dirisha. Haiwezekani. Kina kitu kile kiti. Anajua kina nini, na ameniachia mimi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mchana Madamu Geneviève alikuja nyumbani. Alileta pamba, bandeji safi na chupa ya maji yaliyochemshwa. Noella akamwekea kiti kizuri, kile cha wageni wa kanisani. Wakacheka pamoja kuhusu kuku. Mimi nilikaa pembeni nikiangalia.

Akafungua bandeji, akaosha mkono taratibu, akasema unapona vizuri. Akaomba radhi. Yeye aniombe mimi radhi! Alisema alipaswa kunieleza sababu tangu mwanzo badala ya kunifanya nirudie maneno kama kasuku, maana mtu akielewa joto linatoka wapi haogopi tena. Akachora kwenye kipande cha karatasi: gilasi, maji, matone. Akaniambia Jumamosi ijayo, nikitaka, tunaweza kuanza na atomu, sisi wawili na mama Irakoze pia kama anapenda. Noella alisema anapenda sana.

Kisha akawa mkali kidogo. Kidonda kioshwe kila siku, kifunikwe, basi. Nisipake mawese. Nisipake chumvi. Na zaidi ya yote, nisipake dawa ya meno, watu wengi wanapaka na inaharibu. Akarudia dawa ya meno mara mbili. Noella akaitikia. Hata infirmière alikuwa amesema hivyohivyo juzi.

Nikamsindikiza hadi barabarani, nikamshukuru kwa moyo, na kwa kweli nilikuwa namshukuru. Nikabaki nimesimama hadi moto yake ilipopotea kwenye kona.

Mara mbili. Kwa nini dawa ya meno tu ndiyo airudie mara mbili?

Noella alipokwenda kuanua nguo nikafungua bandeji. Nimepaka. Nene, pande zote, tyubu nusu nzima.

Inawaka! Inawaka kuliko Alhamisi! Machozi yanatoka yenyewe.

Ni dalili nzuri. Inafanya kazi.